Tundu Namba Mia Mbili na Kumi na Mbili

"Hebu niambie, huyu samaki ana miaka mingapi?"

Mchumba wangu aliinamia hadubini bila wasiwasi. "Si niliandika saba?"

"Uliandika saba. Angalia tena tundu namba mia mbili na kumi na mbili."

Akasogeza taa, akaangalia. "Saba," akasema.

Tundu lile lilikuwa tupu.

Ngoja niwaeleze kazi yetu ili mnielewe. Samaki ana kijiwe ndani ya sikio, na kila mwaka kijiwe hicho kinaongeza mduara. Ukihesabu miduara, umepata umri. Vijiwe tunavipanga kwenye sahani zenye matundu yenye namba, kimoja kila tundu. Wanahesabu watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuona majibu ya mwenzake. Msomaji wa kwanza ni mimi. Wa pili ni yeye, ambaye maabara nzima inamwita Mwewe kwa ukali wa macho. Kijiwe cha tundu lile nilikisoma nikaandika saba, halafu kikaniponyoka kikaenda na maji ya sinki, nami nikasahau kuandika kwamba kimepotea.

"Mwewe, humo hamna kitu."

Akaondoa jicho kwenye hadubini.

"Umefungua droo yangu ukanakili daftari langu?"

"Nisikilize kwanza."

"Umenakili vingapi?"

"Kuanzia sahani ya tatu."

Sahani zilikuwa nane. Nikakaa chini. Miaka sita nimepima samaki wa ghuba iliyofungwa watu wasivue, ngozi imeungua jua, na kesho yake wakubwa walikuwa wanasomewa ripoti yangu ili waamue kama ghuba ibaki imefungwa. Kumbe sehemu kubwa ya ushahidi ni daftari langu likijipigia makofi.

Simu yake ikalia mezani. Niliuwahi ujumbe kabla hajanyoosha mkono: "Usikose kesho saa nne. Na mchumba wako mwambie, huwezi kumficha milele."

"Kumbe na mwanamke yupo."

"Mwanamke ndiyo. Mpigie."

Nikapiga, nimejiandaa kumtukana mtu.

"Kliniki ya macho, habari za mchana," sauti ikasema. "Umeona ujumbe wangu, kaka? Hayo macho hayawezi kusubiri tena."

Matusi yote yakaniishia mdomoni. Nikakata simu.

"Tangu lini?"

"Miezi minne. Katikati pana ukungu. Sura yako naiona nikitazama pembeni."

"Ndiyo maana unaongea na mimi ukitazama ukuta? Mimi nikamwambia mama umenichoka."

"Nikuchoke wewe, Profesa?"

"Usiniite Profesa leo. Kwa nini hukuniambia?"

"Harusi wiki tatu zijazo. Nikwambie unaolewa na mtu wa kushikwa mkono?"

"Ungeniambia hivyo hivyo. Ningelia, kisha ningetafuta msomaji mwingine. Sasa umenifanya mwongo mbele ya watu."

Akafuta uso kwa kiganja. Nikampigia mkuu wa kituo, nikaweka simu kwenye spika.

"Mkuu, naomba ripoti isisomwe kesho."

"Unanitania. Wageni wameshafika."

"Usomaji wa pili si wa kweli."

"Unasema nini wewe?"

Mwewe akanyoosha mkono kuchukua simu. Akaikosa. Akaipata mara ya pili.

"Mkuu, ni mimi. Nimenakili majibu yake. Yeye hakujua, amegundua sasa hivi. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi."

"Njooni ofisini, wote wawili," mkuu akasema.

Nilimtazama mwanaume huyu niliyemwamini na droo yangu, na maisha yangu. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa namhurumia, na nilikuwa nampenda, vyote kwa pamoja.

"Vijiwe tutavisoma upya vyote," nikasema. "Na msomaji mwingine. Hata ikichukua mwaka."

"Sawa. Na harusi?"

"Kesho saa nne nakupeleka kliniki. Ya harusi tutaongea njiani, na uniangalie hivyo hivyo kwa pembeni."

Akaitikia kwa kichwa, midomo ikimcheza. Tukatoka kwenda kwa mkuu. Mlangoni pa maabara pana ngazi mbili za kushuka, nikamshika mkono.