Miche Kumi na Mmoja

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, mtaalamu wa mimea alifungua kufuli la kitalu cha kituo cha utafiti, akakuta miche yote kumi na mmoja imekufa. Ilikuwa ya mti usioota popote duniani ila kwenye kilima kimoja, mwendo wa saa mbili kwa gari, na huko ilibaki mitatu tu.

Saa tatu alifika mpelelezi wa polisi, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Polepole. Alichuchumaa penye viriba, ile mifuko ya nailoni iliyopandwa miche. Majani yalikuwa ya njano, yamejikunja. Kufuli halikuvunjwa, wala wavu haukukatwa.

"Nani ana funguo?"

"Mimi na baba mdogo. Ndiye mtunza bustani hapa, na ndiye aliyenilea. Miche hii aliiotesha yeye."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Safarini wiki nzima. Nimerudi jana usiku."

Mtu wa kwanza kutajwa alikuwa jirani, mkulima wa mahindi waliyemwita Bwana Mpaka kwa kuwa hakuna mpaka ambao hakuugombea. Jana mchana alionekana amesimama kwenye wavu. Stoo yake ilikuwa na galoni la dawa ya kuua magugu, limefunguliwa.

"Sikatai, nilisimama," alisema. "Niliona umanjano, nikashangaa. Lakini ungekuwa mkulima, afande, usingenishika kwa jambo la jana. Dawa hii haiui leo kwa leo. Unapulizia, mmea unakaa kama haujaguswa. Siku ya tano, ya sita, ndipo unageuka rangi."

"Dawa yako nani mwingine aliitumia?"

"Mzee wa kitalu. Jumanne nilimgawia kikombe, akasema magugu yamemzidi. Nikacheka. Yule hung'oa magugu kwa vidole, moja moja! Nikadhani kiuno kimegoma."

Polepole alirudi kituo cha utafiti, akaomba daftari la kitalu. Miaka minne, kila siku mstari mmoja: nimemwagilia, na saa. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumanne. Akasoma, akatoka nje, akapiga simu moja kuulizia ile miti mitatu ya kilimani.

Saa nane mchana alimkuta mtunza bustani kwenye banda la vifaa, ananoa jembe. Mtaalamu alisimama mlangoni.

"Mzee, daftari lako limenyamaza tangu Jumatano."

"Sikutaka kuandika uongo."

"Baba mdogo!" Mtaalamu alishika fremu ya mlango. "Wewe?"

Mzee aliweka jembe chini. "Niliikuta barua mezani kwako, mwanangu, na sahihi yako. Kwamba mti umehifadhiwa kitaluni, kwa hiyo kampuni ya kokoto ichimbe kilima. Nikasema, kama miche ndiyo kibali chao, miche isipokuwepo kibali kinakufa. Ile mitatu ya kilimani ina ndege wake, ina nyuki wake, ina uyoga mizizini. Hii ya kwenye viriba ilikuwa na nani? Mimi tu."

"Ungeing'oa," alisema Polepole. "Kwa nini dawa?"

"Mikono ilikataa."

"Waliniambia watachimba, nisaini nisisaini," mtaalamu alisema. "Nikaona bora tubaki na hii kuliko kukosa vyote."

"Ungeniambia."

"Niliogopa macho yako."

Mzee alipangusa uso kwa kiganja. "Basi sasa andika nyingine. Sema miche imekufa, wasimame."

Polepole ndiye aliyelazimika kusema.

"Nimepiga simu kituo cha polisi cha kule. Tingatinga lilipanda kilimani Ijumaa asubuhi. Miche yako ilikuwa bado ya kijani."

"Ile miti imeng'olewa yote mitatu?"

"Yote."

Mzee alikaa juu ya gunia la samadi.

Kwenye fomu Polepole aliandika kosa: kuharibu mali ya kituo. Kuhusu kilima hakufungua jalada, maana kibali kilikuwa halali. Hakumfunga mzee pingu. Mtaalamu aliomba kuwasindikiza, akaingia kiti cha nyuma, akakaa bega kwa bega na baba yake mdogo. Gari lilipofika getini ndipo alipouliza, kwa sauti ndogo:

"Ulibakiza hata mbegu moja?"

"Mbegu zake hazikai, mwanangu. Zisipopandwa mwezi ule ule zinaoza. Nilizipanda zote."