Milima ya Mawingu

Kila alasiri, baada ya kuosha sahani za nsima, ugali wa huko, Annuarite alimshika mkono mdogo wake Honoré wakaenda kwenye uwanja wa mpira, pembeni mwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mama yao alikuwa akishona nguo Mchesi, mjini Lilongwe, na alirudi Jumamosi tu. Baba alibaki kwao Uvira vita vilipoanza upya. Tangu hapo hawakupata habari zake.

Walikaa kwenye nyasi wakitazama mawingu. Vilima vya Dowa vinavyoizunguka kambi ni vidogo, lakini msimu wa mvua ulipokaribia, mawingu meupe yalipanda juu sana, yakawa na mabonde na vilele kama milima iliyo nyuma ya Uvira. Honoré aliondoka kwao akiwa bado anabebwa mgongoni, hakukumbuka chochote. Kwa hiyo Annuarite alimwonyesha kwa kidole mahali ambapo nyumba yao ingekuwa, na njia ambayo baba angepita akitoka shambani.

"Ule njo anasafiri Uvira bila tiketi," Shukrani, rafiki wa Annuarite, aliwaambia wenzake akimwonyesha kwa kidole, nao wakacheka.

Mama alikuwa amemwagiza jambo moja: akisikia ngurumo, ampeleke Honoré kwa mwalimu Byamungu, katika darasa la matofali. Lakini siku ile ya Novemba mlima ulikuwa mzuri kuliko yote. Ngurumo ilisikika, naye akajiambia bado. Kwao Uvira dhoruba huonekana ikija kutoka mbali, ziwa likibadilika rangi, na watu hupata muda wa kuanua nguo. Hapa hata tone la mvua halikuwapo.

"Yaya, mi nasikia baridi," Honoré alimwambia dada yake.

"Ngoja kidogo. Tuone kilele."

Joto la mchana lilikuwa limekatika ghafla, na nyasi zimetulia kabisa. Kisha upepo ukaanguka. Haukutoka upande wowote. Ulishuka kutoka juu, ukapiga uwanja, na vumbi likatawanyika pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Goli likang'oka. Annuarite akambeba Honoré, akakimbilia kibanda cha mbao kilichokuwa karibu.

"Musiingie mule. Mukuje huku."

Ilikuwa sauti ya mwalimu Byamungu. Alikuja mbio, akamnyakua Honoré, akamvuta Annuarite kwa mkono. Walikuwa wamefika mlangoni mwa darasa paa la kibanda liliponyanyuka, na kuta zake zikaangukia ndani.

Mvua ikaja baadaye. Walipokuwa wakiisikiliza, mwalimu alieleza kwamba wingu refu namna ile hubeba maji mengi na hewa baridi. Hewa hiyo ikizidi uzito huporomoka, na ikifika chini huenea kila upande kwa nguvu, mara nyingine kabla ya mvua. Baridi ya ghafla ni onyo la mwisho. Ngurumo ni la kwanza.

Jumamosi, mama hakuwa hata amevua viatu Annuarite alipomweleza yote. Mama alimpapasa Honoré kichwani, mabegani, mikononi, kana kwamba anatafuta kidonda.

"Mi pia natamani kwetu," alisema. "Kutamani si kosa. Lakini hamu isikuzibe masikio mpaka usisikie ngurumo. Siku baba yenu atafika, anataka akute batoto bake bazima. Ile milima muiangalie, ila mukiwa mlangoni."

Juma lililofuata wingu lilipanda tena, jeupe, lenye mabonde. Walilitazama wakiwa wamesimama kwenye kizingiti cha darasa, na Annuarite akaanza kuonyesha njia ya shambani. Ngurumo ikasikika mbali. Kilele kilikuwa bado hakijatokea.

Aliliangalia wingu mara moja tena, akamwingiza Honoré ndani, akafunga mlango.