Hundi ya Boksi

Mimi ni mzee wa miaka sitini na mbili, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, nje kidogo ya mji wa Njombe. Namshukuru Mungu kwa uhai. Nawaandikia, ndugu wasomaji, nikiwa peke yangu katika nyumba ambayo zamani ilikuwa na sauti tatu... yangu, ya mke wangu, na ya binti yetu Upendo.

Nilisomea ualimu nikiwa kijana. Mkufunzi wetu chuoni alizoea kutuambia kwamba mshahara wa mwalimu ni mdogo, lakini uzee wake una uhakika. Nililishika neno lile kama zaburi.

Nilipostaafu nikaambiwa michango yangu ya miaka ya mwanzo haionekani kwenye mfumo. Nisubiri. Nikasubiri bila kunung'unika. Aliyefundisha darasa la kwanza kusoma, subira anaijua.

Kisha Mama Upendo akaugua. Ulikuwa uvimbe tumboni. Daktari akasema afanyiwe upasuaji Mbeya, tena mapema. Kadi yetu ya bima ilikuwa imesimama ikingoja nyaraka zilezile za kustaafu. Miti yangu michache ya mbao nilikwisha kuiuza ili kumlipia ada Upendo, ambaye naye alikuwa chuo cha ualimu.

Lakini Mungu hakutuacha. Shemeji yangu Asheri, kaka wa mke wangu, ana shamba la misonobari kule Mlangali. Akasema, "Shemeji, usihangaike. Dada yangu hawezi kufa na miti imesimama. Mnunuzi wa mbao anakuja mwisho wa mwezi."

Tulilia kwa furaha siku ile!

Wiki hiyohiyo nikaitwa kwenye sherehe Makambako. Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilikuwa inazindua tovuti yake mpya. Wastaafu tulialikwa tuje kuona jinsi tutakavyofuatilia mafao yetu kwa simu, bila nauli. Kulikuwa na mahema, muziki, keki yenye umbo la kompyuta. Tulikula pilau, tukagawiwa fulana. Nilimshukuru Mungu kwa kila kijiko.

Baada ya chakula, kijana mmoja wa ofisi akanijia. "Mwalimu, wewe ndiye uliyevaa suti. Njoo utusaidie picha moja."

Wakanipa hundi ya mfano, kubwa kama mlango wa kabati, imebandikwa juu ya boksi. Iliandikwa milioni arobaini. Nikamwambia kijana kwamba mimi bado sijalipwa. Akacheka. "Tunajua, Mzee. Ni picha ya kupamba tovuti tu. Cheka kidogo, mstaafu hanuni."

Ningekataaje? Nilikuwa nimekula chakula chao. Tena moyoni nilidhani labda wakiniona mtu mwema, faili langu litasogea. Nikacheka. Picha ilipokwisha, wakaichukua hundi yao wakaipakia kwenye gari.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Baba Upendo, umekuwa tajiri wa dakika moja."

Mwisho wa mwezi ulipofika, Asheri alikuja bila fedha. Hakuketi. Hata salamu yangu ya "Kamwene" hakuiitika. Alitoa simu akanionyesha.

"Shemeji, huyu siye wewe?"

"Ni mimi, lakini..."

"Lakini gani? Meno yote nje. Hapa chini pameandikwa 'Mwalimu mstaafu akipokea mafao yake.' Ni tovuti ya serikali hii, si maneno ya kilabuni. Unataka niuze miti ya watoto wangu na wewe umekalia milioni arobaini?"

Nilieleza. Niliapa, mimi ambaye Bwana ametukataza kuapa... Akasema, "Toa zako kwanza. Zikipungua, nitaongeza."

Picha ikasambaa kwenye kundi la ukoo. Jumuiya ya kanisa iliyokuwa ikitupitishia sahani ya michango ikaacha. Vijana wa bodaboda pale Makambako wakanipa jina: "Mheshimiwa Hundi, leo tena kwa miguu?" Nilikwenda ofisini kuomba picha iondolewe. Nikajibiwa kwa upole kwamba mkandarasi aliyejenga tovuti amemaliza mkataba, na nywila anayo yeye. Fedha za kumwita tena hazikuwepo kwenye bajeti.

Mke wangu alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu. Upendo aliacha chuo akaja kumuuguza. Nilikopa huku na huku, lakini nani anamkopesha mtu mwenye milioni arobaini?

Siku moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umefunika bustani, mke wangu aliniita. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Baba Upendo, kama zipo, niambie tu. Sitakasirika. Nataka nijue nimeishi na nani."

Nikamwambia, "Hazipo, mke wangu."

Alinipigapiga mkono taratibu, kama mtu anavyombembeleza mtoto anayedanganya. Kisha akageukia ukutani. Alifariki juma lile, na hatukulizungumza tena.

Je, kuna adhabu inayozidi hiyo?

Ipo. Mafao yangu yalilipwa baada ya mazishi! Mfumo ulikuwa umeniona. Sikuficha, niliwaita ndugu nikawaambia. Asheri alitikisa kichwa. "Tulijua."

Nilimwonyesha Upendo ujumbe wa benki. Aliusoma, akanirudishia simu. "Baba, leo ndiyo umeamua kuzitoa?" Akafunga nguo zake. Sasa anauza viazi Makambako, kwenye maegesho ya malori. Nilimpelekea ada arudi chuoni. Akairudisha. Alisema ualimu hautaki tena, na fedha ile ina harufu ya mama yake.

Nikalijengea kaburi vigae vyeupe. Watu wakasema, "Kwa kaburi anazo."

Bado nasali. Bado nashukuru, ingawa siku hizi shukrani inanitoka kama maji ya kisima kilichokauka, tone kwa tone. Mchungaji ananiambia Mungu anaijua kweli. Naamini. Lakini mke wangu aliondoka bila kuijua.

Wastaafu wenzangu, na ninyi vijana mnaosomea ualimu, nawasihi: msikubali kushika mbele ya watu kitu ambacho hamjapewa, hata mkiombwa kwa heshima, hata mkiwa mmekula pilau yao. Waambieni mtacheka siku kitakapofika.

Picha ile bado ipo. Mkikutana nayo, mzee mwenye suti ya kijivu, meno yote nje, msimwamini. Siku ile mke wangu alikuwa hai, miti ya Asheri ilikuwa imepata mnunuzi, na mikononi mwangu mlikuwa na boksi.