Fundi Aamua Mwenyewe

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alishona magauni, na ulimi wake ulikuwa mkali kama mkasi wake. Kisha akaugua sonona. Aliacha kula, akaacha kushona, akalazwa wodi ya afya ya akili.

Dawa zilimsaidia. Usingizi ulirudi. Lakini mchumba wake, kinyozi, alikuja na neno zito.

"Nikikuoa, dawa hizo sizitaki nyumbani. Watu watanicheka. Chagua, mimi au dawa. Jumamosi nafuata jibu."

Shangazi akaja mbio. "Mkubalie, mwanangu! Dawa utamezea chooni."

Mama akang'aka. "Wifi, unataka kuniulia mtoto? Amwache huyo!"

Fundi akamwendea muuguzi. "Dada nesi, shangazi anataka niolewe. Mama anataka nimwache. Nifanye nini?"

"Umenitajia watu wawili," alisema muuguzi. "Wewe unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo.

"Niamulie wewe, nesi. Wewe umesoma."

"Nikikuamulia mimi, ndoa utaiishi wewe. Kazi yangu ni kukusikiliza na kukueleza ukweli. Dawa usiziache ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Zikikusumbua, tutamwona daktari. Ya moyoni ni yako. Tena usikimbizwe. Jumamosi kaipanga yeye."

Kila siku walikaa kwenye benchi, wakazungumza. Siku moja Fundi alisema, "Nampenda. Lakini afya yangu naipenda zaidi."

"Haya, tufanye mazoezi ya kumwambia."

Muuguzi akakunja uso, akatoa sauti nzito ya kiume. "Mimi au dawa?"

Fundi alicheka mpaka akashika mbavu. Wodi nzima ikageuka kumtazama.

Jumamosi kinyozi alifika. Fundi alisimama wima.

"Dawa zangu siziachi, wala sizifichi. Ukiweza kuishi nazo, karibu. Usipoweza, nenda kwa amani."

Kinyozi aliondoka amenuna. Fundi alilia, maana alimpenda kweli. Muuguzi alikaa naye mpaka machozi yakakauka. Jioni hiyo Fundi alimaliza sahani, akaomba nyongeza.

Sasa yuko nyumbani. Kliniki haikosi, na cherehani hakipumziki. Juzi mteja alimnong'oneza, "Eti unameza dawa za akili?"

"Ndiyo," Fundi alijibu kwa sauti, mkanda wa kupimia mkononi. "Haya, nyoosha mkono. Gauni lako unataka la mikono mirefu au mifupi?"