Safu ya Sababu

Laptopu ilikata roho saa tatu na dakika kumi asubuhi, mbele ya hakimu, mwendesha mashtaka na mwuza dawa mwenye mkono uliofungwa bendeji.

Ilikuwa na kazi moja tu siku ile: kuonyesha dakika mbili za picha za kamera. Ndani ya dakika hizo mtu mwenye panga anaingia duka la dawa, anamkata mwenye duka mkono, kisha anageuza uso. Sura nzima inaonekana, hadi kovu la kidevuni.

Lakini picha iliganda mtu akiwa bado mlangoni, mguu mmoja hewani. Feni ya mashine ilivuma hadi karani akainua macho. Kisha kioo kikawa cheusi. Kizimbani, mshtakiwa akatabasamu.

Wakili wake alisimama bila haraka. "Mheshimiwa, mashine hii ndiyo yenye orodha ya vielelezo vyote vya kituo. Kama kuna mtu ameichezea, tutajuaje hakuchezea na ushahidi?"

Hakimu alivua miwani. "Upande wa mashtaka, mna hadi kesho saa tatu. Nataka kujua mashine hii ina nini na nani ameigusa. Mkishindwa, nitamwachia huyu."

Mwuza dawa aliutazama mkono wake, kisha akamtazama Inspekta aliyekaa benchi la nyuma. Inspekta aliona heri angetukanwa.

Kituoni walimwita Mama Kwanini, ingawa si mbele yake. Wapelelezi wengine huanza na nani na lini. Yeye alishika msimamo wake kwamba ukishaijua sababu, mwenye kosa atakuja mwenyewe na kuvuta kiti. Aliibeba ile laptopu kwa mikono yake hadi maabara ya uchunguzi. Ilikuwa bado ya moto.

Fundi wa maabara alikuwa mtu mnene, mpenda utani, na kabla ya yote aliiwekea mashine kiganja.

"Homa kali," alisema. "Tuanze na yale ya kawaida, Afande. Mara nyingi mchawi ni vumbi."

Alifungua kifuniko cha chini, akapitisha brashi kwenye feni. Vumbi halikujaa hata kijiko. "Mwenye mashine hii ni msafi kuliko mimi. Si vumbi."

Akaiwasha. Wakasubiri. Hakuna aliyefungua chochote, lakini baada ya dakika moja feni ilianza kulalamika upya. Fundi akatafuta virusi, hakuna. Akapima betri, nzima. Akatazama diski, akatikisa kichwa.

"Imejaa pomoni. Kuna mafaili ya sauti humu, mamia. Nikiyafuta tu itapumua."

"Usifute."

Neno lilitoka kali kuliko alivyokusudia, na Fundi akageuka kumtazama. Inspekta alijifanya anasoma ukuta. Miaka miwili nyuma simu yake ilijaa, naye akiwa kwenye foleni, akafuta jumbe za sauti za zamani bila kuziangalia. Miongoni mwazo zilikuwamo za mama yake: umekula, umefika, mbona hupigi. Mama alikuwa ameshazikwa miezi mitatu. Tangu siku hiyo Inspekta hakuweza kusikia neno "futa" bila kuumwa mahali fulani chini ya mbavu.

"Sifuti," Fundi alisema taratibu. "Tuone basi nani anakula."

Alifungua orodha ya programu zilizokuwa zikifanya kazi. Karibu zote zilitumia kidogo, asilimia moja, mbili. Moja ilikuwa inakula tisini na sita.

"Mlafi huyu hapa," alisema, kisha akasogea karibu na kioo. "Afande, huyu ni wetu."

"Wenu vipi?"

"Programu ya kulinganisha sauti. Unaipa sauti ya mtu, nayo inaitafuta ndani ya rekodi, saa kwa saa. Tuliitumia kesi ya yule aliyetekwa. Mwaka jana tukawafundisha watunza vielelezo wote wa mkoa. Nikadhani walikuja kwa ajili ya chai."

"Kuna kesi inayohitaji kulinganisha sauti sasa hivi?"

"Hata moja. Na imepangwa ianze yenyewe kila mashine ikiwashwa. Ukiikatisha katikati ya rekodi, inaanza rekodi ile upya. Prosesa, ubongo wa mashine, haina pumzi ya kitu kingine, ndiyo maana picha zako ziliganda."

"Nani angeweza kuiweka?"

"Laptopu hii haina mtandao. Aliyeiweka alikaa mbele yake, akagusa vitufe hivi."

"Inamtafuta nani?"

Fundi alifungua sampuli, sauti ya mfano iliyorekodiwa kwenye laptopu hiyohiyo. Ilikuwa na urefu wa sekunde tatu. Sauti ya mwanamume mzima, nzito kidogo, ikasema: "Hebu niambie, chumvi iko wapi?"

Fundi alicheka. Inspekta hakucheka. Sauti ile ilimwambia kila asubuhi, tia sahihi hapa, Afande, na hapa.

"Ni Mzee Lakiri," alisema.

Mzee Lakiri ndiye aliyekuwa mtunza vielelezo wa kituo. Jina alilipata kwa lakiri nyekundu aliyoiyeyusha juu ya mshumaa kufunga kila bahasha, hata yenye kitufe kimoja cha shati. Miaka ishirini na tisa kazini hakuwahi kupoteza hata uzi. Ilibaki miezi mitano astaafu.

"Na rekodi zenyewe?" Inspekta aliuliza.

"Simu za dharura. Za zamani, za enzi za kanda." Fundi hakuwa anatania tena. "Afande, unajua mke wake alikuwa mpokea simu wa dharura? Zamu ya tatu, ya usiku. Alifariki miaka minane iliyopita, kabla hujahamia. Homa ya siku nne tu."

Inspekta alikaa. Mtu mwenye ufunguo wa stoo anatafuta kwa siri simu aliyopiga yeye mwenyewe kwenye namba ya dharura. Mke wake amekufa ghafla. Alimpenda yule mzee, na kwa mara ya kwanza alitamani kesi isiwe na jibu.

Stoo ya vielelezo ilinuka nta na karatasi. Mapanga yalipangwa kwa urefu, kila moja na kitambulisho chake. Mzee Lakiri alikuwa mezani, mikono juu ya daftari, koti limefungwa hadi juu.

"Nimesikia ya mahakamani," alisema. "Karibu kiti, Afande."

"Naomba daftari la kutoa na kuingiza."

Alilisogeza bila kuuliza. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, mistari imenyooka kama iliyochapwa. Inspekta alirudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, na mwezi uliopita akakuta alichokuwa anakiogopa. Kanda ya kwanza, simu za dharura, zamu ya tatu. Kanda ya pili. Ya tatu. Hadi ya thelathini na moja. Mtoaji: mtunza vielelezo. Mpokeaji: mtunza vielelezo. Alikuwa amejikabidhi mwenyewe, akajitilia sahihi mara mbili, saa na dakika.

Safu ya mwisho, ya sababu, ilikuwa tupu mara thelathini na moja.

Mwizi mwingine angezibeba tu mfukoni. Huyu alishindwa kuchukua bila kuandika, na alipofika kwenye sababu alishindwa kudanganya.

Inspekta alitoa fomu ya maelezo ya onyo. "Si lazima useme chochote. Utakachosema kitaandikwa, na kinaweza kutumika kama ushahidi."

"Naijua. Nimetunza nakala zake maisha yangu yote."

"Programu iliyo kwenye laptopu, uliiweka wewe?"

"Mimi."

"Ulivigusa vielelezo vya duka la dawa?"

"Hapana. Diski ile ina lakiri yangu. Ilivunjwa leo mahakamani, mbele ya hakimu."

"Ulijua mashine inakwenda mahakamani?"

Hapo alichelewa. "Nilijua."

"Ukaiacha inafanya kazi?"

"Ilikuwa imefika asilimia tisini na saba ya kanda ile. Nikajiambia itamudu." Alitazama chini. "Yule mama wa duka la dawa nilimwona akipita hapa nje, akitoka mahakamani. Nimekosa, Afande. Sina la kujitetea."

"Mwaka gani ulipiga simu namba ya dharura?"

"Siukumbuki. Ndiyo maana nasikiliza zote."

"Ulikuwa umefanya nini?"

"Nilikuwa napika."

"Mkeo alikuwa amepatwa na nini?"

Mzee Lakiri aliinua macho, na pole pole akaelewa alichokuwa anaulizwa. Hakukasirika. Uso wake ulilegea tu, kwa huzuni.

"Hakupatwa na kitu, Afande. Ndiye aliyepokea simu."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Niambie kwanini."

"Nilikuwa na zamu ya mchana, yeye zamu ya tatu. Tulikuwa tunapishana mlangoni. Miaka kumi na moja ya ndoa, ukizihesabu saa tulizokaa pamoja macho, ni chache kuliko za hawa wafungwa na wake zao. Siku moja nimerudi, yeye kazini, napika, chumvi siioni. Nikampigia. Namba niliyoijua kwa kichwa ilikuwa hiyo ya dharura. Nikamwuliza chumvi iko wapi."

"Akasema nini?"

"Alinigombeza. Halafu akacheka. Picha zake ninazo, sanduku zima. Picha haziongei. Hakupenda kurekodiwa, alisema anasikia sauti yake kutwa inatosha. Mwaka wa kwanza baada ya mazishi nilikuwa naisikia nikilala. Mwaka wa tano ikawa inakuja mara moja moja. Sasa nikijaribu, nasikia maneno, sauti siisikii. Nimeisahau sauti ya mke wangu, Afande. Nayakumbuka mapanga yote haya kwa namba."

"Kwenye kanda hizi anaongea kila siku. Kwanini usichukue simu yoyote ile?"

"Nilisikiliza. 'Dharura, nikusaidie nini?' Ni yeye, lakini anaongea na watu. Mimi nilitaka pale alipoongea na mimi."

Dirishani feni ya dari ya ofisi ya jirani ilisikika. Inspekta alijua anapaswa kuuliza swali lingine.

"Kwanini mwezi huu?"

Mzee alifungua droo, akatoa karatasi ya makao makuu. Kanda zote za simu za zamani zichomwe. Ijumaa, saa nne. Msimamizi wa uchomaji: mtunza vielelezo.

"Zimebaki tisa ambazo sijazisikiliza," alisema. "Ningeomba kwa barua. Lakini barua inataka sababu, nami ningeandika nini? Natafuta chumvi?"

Aliyasoma maelezo yake mara mbili, akasahihisha tarehe moja, akatia sahihi. Kisha akavua funguo za stoo shingoni, akaziweka mezani na kuzisukuma kwa kidole kuelekea kwa Inspekta.

Siku ya pili, saa tatu, Fundi alisimama kwenye kizimba cha mashahidi na kueleza kwa lugha nyepesi kilichoila prosesa. Maelezo ya Mzee Lakiri yalisomwa. Hakimu aliikagua bahasha ambayo lakiri yake ilivunjwa mbele yake jana, akaridhika kwamba haikuwahi kufunguliwa kabla ya hapo, na picha zikaonyeshwa kwenye mashine nyingine. Mtu aliingia, akakata, akageuza uso. Kovu lilionekana. Mwuza dawa alilia kwa sauti ndogo, na mshtakiwa hakutabasamu.

Mkuu wa kituo alimsimamisha kazi Mzee Lakiri mchana uleule. "Zile kanda zichomwe kama ilivyoamriwa," alimwambia Inspekta. "Tumalize."

"Haiwezekani, Afande."

"Kwanini?"

Alifurahi kuulizwa yeye. "Ni vielelezo. Mshukiwa amekiri kuzitoa stoo kinyume cha utaratibu. Hakichomwi kielelezo kesi haijaisha. Na mpelelezi lazima azisikilize zote, mwanzo hadi mwisho, tujue alikuwa anatafuta nini."

Mkuu alimtazama kwa muda mrefu. "Amekwisha kusema alikuwa anatafuta nini."

"Kukiri peke yake hakutoshi. Lazima kuthibitishwe."

"Thibitisha," alisema Mkuu, akarudi kwenye karatasi zake.

Inspekta alizitoa kanda zote arobaini mwenyewe. Safu ya sababu aliijaza kwa kalamu ya wino: utambuzi wa sauti. Fundi aliiwasha programu kwenye mashine kubwa ya maabara, ambayo haikupata hata jasho. Jumatatu, kwenye kanda ya thelathini na nane, ilisimama.

Walimwita Mzee Lakiri. Alikuja amevaa koti lilelile. Inspekta alifungua jalada na kusema kama inavyotakiwa kusemwa: "Kielelezo kinachezwa mbele ya mshukiwa ili akitambue." Akabonyeza.

"Dharura. Nikusaidie nini?"

"Hebu niambie, chumvi iko wapi?"

Kiti kilisikika kikisogezwa upande wa pili.

"Wewe bwana. Namba hii ni ya watu wanaokufa."

"Na mimi nakufa. Njaa."

Akacheka. Sauti ya kazi ilimtoka yote, kikabaki kicheko cha mtu aliyekaa peke yake chumbani na kukumbukwa.

"Kopo la bluu, nyuma ya majani ya chai. Usizidishe. Na nikirudi nikute umenibakizia."

"Nitakubakizia."

Simu ikakatwa. Fundi alikuwa ameshageukia ukuta, anafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

"Unazitambua sauti hizo?" Inspekta aliuliza.

"Ya mwanamume ni yangu."

"Na ya mwanamke?"

Mzee Lakiri aliweka viganja viwili juu ya meza. Spika ya maabara ilikuwa mpya, na kila neno lilikuwa limetoka wazi hadi pumzi.

"Sijaisikia vizuri, Afande," alisema. "Naomba irudiwe."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza ndani ya jengo lile, na Inspekta hakuuandika. Alirudisha mwanzo, akabonyeza tena.