"Mbona" Haiendi Ofisini

Immakulata Kahangwa alikuwa akianika kahawa kwenye turubai, nyumbani kwake Kanazi, barua ilipomfikia. Ilitoka kwa wanunuzi wa kahawa mjini Bukoba. Ilikuwa Kiingereza kitupu. Aliambulia jina lake na neno moja: removed. Ameondolewa.

Alikuwa kwenye orodha ya kilimo hai, wakulima wasiotumia dawa za viwandani. Miaka kumi na moja aling'oa magugu kwa mkono. Leo wamemfuta, na sababu hawakuitaja. Mavuno yamefika, na asiye kwenye orodha, kahawa yake haipokelewi.

Akajibu kwa Kiingereza chake cha kidato cha pili: How come you remove me? For what? Akaipeleka barua mwenyewe ofisini kwao Bukoba. Karani akaisoma kwa sauti, wenzake wakacheka.

"Mama, unagombana na nani?" akauliza, akamrudishia karatasi.

Waliomwandikia mkulima wa Kanazi lugha ya Uingereza hawakuona haya. Aliyeonekana mjinga ni yeye.

Akapita kwa jirani yake Joanitha, aliyepiga chapa maofisini hadi akastaafu.

"Nimekosa wapi, dada? Kwa ni for. Nini ni what. Kwa nini: for what."

Joanitha akacheka. "Mama Datius, kwa nini ni why. For what ni ya mtu aliyeshika kiuno."

"Nilikuwa nimeshika kiuno."

"Najua. Na how come ni mbona. Mimi na wewe tunaulizana, mbona hukuja kanisani? Sasa baba mkwe akiacha matoke kwenye sahani, utamwuliza, mbona huli?"

"Waitu, jamani, siwezi."

"Utasemaje?"

"Nitaomba kujua kama kuna kilichomkwaza."

"Basi Kiingereza cha ofisini unacho tayari. Naomba kujua sababu: May I know the reason. Hiyo ni ya kusema kwa heshima. Kwenye barua, andika Please explain why, yaani tafadhali elezeni kwa nini. Why peke yake ni kavu."

"Kwa hiyo niwapigie magoti? Walionikosea ni wao."

"Magoti ya nini? Ukiuliza kwa adabu, watacheka nini? Unawanyima kisingizio. Weka tarehe, na nakala yako wakugongee muhuri."

Immakulata akaandika: Please explain why my name was removed. Safari hii karani alisoma kimya. Akagonga muhuri.

Jibu lilikuja wiki ya pili. Eti alipulizia dawa shamba lake la Muleba. Muleba! Hana hata mgomba mmoja Muleba. Kuna Immakulata Kahangwa mwingine huko, na hakuna aliyejisumbua kutazama kijiji. Akawaonyesha kosa lao, jina lake likarudishwa, kahawa ikapokelewa.

Siku hiyo ya kupeleka magunia, akamkabidhi karani barua nyingine. Ilikuwa ya Kiswahili, mstari mmoja: Mbona mnatuandikia Kiingereza?

Karani akakunja uso. "Mama, mbona si neno la kuandikia ofisi."

"Najua," akasema Immakulata. "Nimelichagua. Gonga muhuri."