Mawe ya Furu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kupanga mstari na kuhesabu namba, Wegesa wa darasa la tano alikuwa na kazi moja: kubadilisha maji kwenye pipa la mawe nyuma ya darasa. Mwalimu Skolastika alikuwa ametengenezesha tangi la kioo ili wanafunzi waone furu, samaki wadogo ambao sangara, samaki mkubwa mlafi, alikuwa amewala karibu wote ziwani. Mawe ya kuwajengea maficho yalitoka juu ya mwamba wanakolala mnandi, ndege weusi wanaopiga mbizi kuvua samaki. Yalikuwa makavu, meupe kwa kinyesi cha ndege. Maagizo yalikuwa mafupi: sugua kwa brashi bila sabuni (mwaka ule hata ya kuogea haikuonekana madukani), loweka siku kumi na nne, kila siku mwaga maji utie mengine, kisha weka alama ya vema kwenye karatasi.

Siku nne za kwanza Wegesa alifuata maagizo. Siku ya tano alitazama mteremko wa ziwani, ambao angeupanda na ndoo mara sita, akasikia wenzake wakiruka kamba, akaweka vema na kwenda kuruka. Kesho yake na siku zilizofuata alifanya vivyo hivyo, na haikumsumbua hata kidogo.

“Mwosha mawe, siku hizi mbona hulowi?” Mniko, aliyeketi naye dawati moja, alimtania.

Wegesa alimwambia aangalie hesabu zake.

Siku ya kumi na nne mjomba wake Masatu, mvuvi, alileta furu watatu kwenye ndoo ya maji ya ziwa. Alieleza kwamba amewatafuta mwezi mzima. “Na zamani tulikuwaga tunawatupia paka,” alisema. Mwalimu alikagua karatasi, akasifu vema zote kumi na nne. Mawe yakapangwa, maji yakajazwa, furu mmoja akatangulizwa.

Kabla ya mapumziko furu yule alikuwa juu ya maji, mdomo wazi, akitweta. Mwalimu alimuuliza mjomba kama hakumwumiza samaki alipomvua. Mjomba akavua kofia.

“Labda wavu ulimbana, Mwalimu. Basi kosa ni langu.”

Mwalimu akatia mkono kwenye ndoo amchukue wa pili. Wegesa alinusa vidole vyake vilivyopanga mawe. Vilinuka kinyesi, kama banda la kuku.

“Usimtie, Mwalimu,” alisema. “Mjomba hana kosa. Maji ya pipa niliyabadilisha siku nne tu. Vema nyingine niliandika bure.”

Mwalimu hakupoteza muda kumgombeza. Alimchota furu kwa kibakuli, akamrudisha kwenye ndoo. Samaki alilala ubavu, kisha taratibu akajigeuza na kuogelea.

Wegesa alianza upya, siku ya kwanza. Furu walihamia kwenye beseni, na maji yao pia aliyachota yeye, asubuhi na jioni. Wenzake waliruka kamba bila yeye. Siku ya kumi na nne Mwalimu hakuomba karatasi. Aliokota jiwe, akalinusa, akampa mjomba naye alinuse. Jioni ile furu watatu walikuwa wanakimbizana kati ya mawe.

“Kalamu haioshi jiwe, Wegesa,” Mwalimu alisema. “Ulinidanganya mimi, samaki akakosa pumzi, na mjomba wako nusura abebe lawama. Ulipokiri, uliwaokoa wote wawili. Kesho ukichoka, niambie umechoka. Hilo nitalipatia dawa.”